Ushuru unahamisha kiwanda tu. Anayemfungia mlango mtengenezaji wa magari ya umeme mara nyingi ni serikali yake mwenyewe

#1 Gurudumu la Tano (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa magari ya umeme siku hizi unaishia palepale: China inauza rahisi, nchi za Magharibi zinapandisha ushuru, kwisha habari. Nimelifuatilia jambo hili muda mrefu na naona tunakodolea macho mlango mmoja wakati nyumba ina milango miwili. Anayetaka kuuza nje anabisha hodi kwa serikali ya ugenini, sawa. Ila kabla hajafika huko inabidi aage nyumbani, na nyumbani nako siku hizi hawamwachii aondoke na kila kitu. Nitaeleza kwa mifano. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Nianze na ugenini maana huko kunajulikana. Mei 2024 serikali ya Biden ilitangaza kupandisha ushuru wa magari ya umeme ya China kutoka asilimia 25 hadi 100, ukaanza kukatwa Septemba. Kanada nayo ikaweka 100 yake tarehe 1 Oktoba. Umoja wa Ulaya haukuja na rungu, ulikuja na kikokotoo. Uchunguzi ulifunguliwa Oktoba 2023, ruzuku za serikali ya China zikakaguliwa kampuni kwa kampuni, na mwishoni mwa Oktoba 2024 kila mmoja akakabidhiwa namba yake: kwa kampuni za China, BYD asilimia 17, Geely 18.8, SAIC 35.3, na Tesla zinazotoka Shanghai 7.8. Zote hizo ni juu ya ushuru wa kawaida wa asilimia 10.

Hiyo ya Tesla iangalieni mara mbili. Kampuni ya Kimarekani inatozwa Ulaya kwa kosa la gari kuundwa China. BMW naye yumo, Mini ya umeme na iX3 zilizoundwa China ziliangukia asilimia 20.7. Ndiyo maana BMW na Tesla walikwenda mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, kulalamikia ushuru uleule wanaoulalamikia BYD, Geely na SAIC. Na ndiyo maana Ujerumani ilipiga kura ya hapana dhidi ya ushuru ambao, kwa maneno ya waliouleta, ulikuwa wa kulinda viwanda vya Ulaya. Kura zilikuwa 10 za ndiyo, 5 za hapana, na nchi 12 hazikuegemea upande wowote. Shikeni hiyo orodha ya kura, tutaihitaji mbele.

Sasa mtu akishapigwa ushuru anafanya nini? Anahamia ndani ya uzio. Mwaka 1981 Japani ilikubali "kwa hiari" kutoingiza Marekani zaidi ya magari 1,680,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Honda wakawa wanaunda Accord pale Marysville, Ohio. Nissan wakafuata 1983 huko Smyrna, Tennessee. Toyota wakaingia ubia na General Motors kule Fremont, California, magari yakaanza kutoka 1984. (Kiwanda hichohicho cha Fremont ndicho Tesla walichokinunua 2010. Gari la umeme linalojulikana kuliko yote lilizaliwa kwenye banda la ugomvi wa ushuru wa zamani.)

BYD anapita njia ileile. Rayong, Thailand, kiwanda kilifunguliwa Julai 2024. Brazil wako Camaçari, mahali palipokuwa pa Ford kabla hajafunga virago 2021. Hungaria walichagua Szeged. Uturuki ndiyo inayochekesha: Juni 2024 walitangaza ushuru wa ziada wa asilimia 40 kwa magari ya China, Julai BYD akasaini makubaliano ya kujenga kiwanda cha dola bilioni 1 Manisa, na anayewekeza akawa amesamehewa ule ushuru. Mwezi mmoja tu, ndoa imefungwa.

Hapo ndipo wengi tunapofunga kitabu. Sasa njooni Meksiko.

BYD alikuwa anatafuta mahali pa kujenga Meksiko. Machi 2025 gazeti la Financial Times likaandika kwamba Wizara ya Biashara ya China ilikuwa inachelewesha idhini, kwa hofu kwamba maarifa yangevuka mpaka yakaishia kwa Wamarekani. Julai mwaka huo kampuni yenyewe ikakiri kwamba mpango umesimamishwa kwa sababu ya hali ya siasa za dunia. Baada ya hapo, Desemba, bunge la Meksiko likapitisha ushuru wa hadi asilimia 50 kwa magari ya nchi ambazo hazina nayo mkataba wa biashara huria, China ikiwemo. Angalieni mfuatano: mlango wa nyumbani ulianza kugoma kabla ule wa ugenini haujafungwa.

Na Poland. Stellantis, kampuni ya Ulaya yenye chapa za Fiat na Peugeot, alinunua takriban asilimia 21 ya Leapmotor ya China mwaka 2023 kwa euro bilioni 1.5, wakaanza kuunganisha kigari chao kidogo, T03, pale Tychy. Poland ikapiga kura ya ndiyo kwenye ule ushuru. Mwisho wa Oktoba 2024 Reuters wakaripoti kwamba Beijing imewaambia watengenezaji wake wasimamishe uwekezaji mkubwa kwenye nchi zilizounga mkono. Mwaka uliofuata T03 haikuundwa tena Tychy, na gari lililofuata, B10, likaelekezwa Uhispania, nchi ambayo haikuwa imeegemea upande wowote kwenye kura. Hakuna aliyetoa tamko kwamba ni adhabu. Nami sisemi.

Naomba kuwasilisha kwanza hapa, nikipumua nitaendelea.

#2 Mti Mkavu

Naweka kambi. Ila mkuu tuhurumie wa simu, aya zako ni kama gari moshi.

#3 Hesabu Haidanganyi

Mleta uzi umeandika vizuri, ila kichwa cha uzi kinakusaliti. "Ushuru unahamisha kiwanda" ni kweli kwa Uturuki na Brazil. Kwa Marekani si kweli. Pale ushuru wa asilimia 100 umefanya kazi iliyokusudiwa: BYD haiuzi gari la abiria hata moja. Na hawakuishia kwenye ushuru. Januari 2025 walikamilisha kanuni inayokataza programu za China na Urusi kwenye magari yanayounganishwa na mtandao, kuanzia magari ya modeli ya 2027, na vifaa vyake kuanzia modeli ya 2030. Kwa hiyo hata ukijenga kiwanda katikati ya Ohio, gari lako bado ni la China na haliuziki. Honda wa 1982 hakukutana na kitu kama hicho. Yeye alikuwa anatoka nchi yenye kambi za jeshi la Marekani. Mshindani, ndiyo, lakini ndugu.

Ukitaka kuona ubaya wake, tazama Ford na CATL. Ford walitaka kuunda betri za bei nafuu kwa kutumia maarifa ya CATL, mtengenezaji mkubwa wa betri wa China. Kiwanda ni cha Ford, pesa za Ford, wafanyakazi wa Ford, CATL analipwa ada ya utaalamu tu. Gavana wa Virginia wakati huo, Glenn Youngkin, akaiondoa Virginia kwenye kinyang'anyiro cha kukipata, akikiita farasi wa Troja, yaani mtego wa China uliovaa sura ya zawadi. Kikaishia Marshall, Michigan, na kelele hazikuisha.

#4 Gurudumu la Tano (mleta uzi)

Nakubali, na nimekuelewa vizuri. Nirekebishe: ushuru unahamisha kiwanda pale ambapo mwenye nchi anataka kiwanda. Marekani ya sasa haitaki kiwanda cha Mchina wala gari lake. Hilo ni suala la usalama wa taifa, na usalama wa taifa hauna kikokotoo.

Ila ukitazama, hoja yangu ya milango miwili inapata nguvu. Julai 2025 China iliingiza teknolojia ya kutengeneza malighafi ya betri za chuma na fosfeti, hizihizi za bei nafuu walizozitaka Ford, kwenye orodha ya vitu visivyotoka nje bila kibali. Kwa hiyo Mmarekani anasema sitaki maarifa yako, Mchina anasema sikupi. Wote wawili wamekubaliana bila kukaa kikao.

#5 Nahodha wa Nchi Kavu

Mmesahau njia ya tatu: usihamishe kiwanda, badilisha gari. Ule ushuru wa Ulaya unahusu magari ya betri peke yake. Haibridi za kuchomeka, yaani zenye injini ya mafuta pamoja na betri inayochajiwa kwa umeme, hazimo. Matokeo yake kampuni za China zikaanza kusukuma haibridi kwa nguvu kwenye soko la Ulaya, na ushuru ni asilimia 10 tu kama zamani. Sheria ikikuzibia dirisha unapita mlangoni.

Na meli. BYD wana meli zao wenyewe, hawasubiri za kukodi. Ile inayoitwa BYD Shenzhen inabeba magari 9,200. Ilitia nanga Brazil Mei 2025. Kwa nini Brazil na kwa nini haraka? Kwa sababu Brazil walirudisha ushuru wa magari ya umeme kwa ngazi: asilimia 10 Januari 2024, 18 Julai, 25 Julai 2025, halafu 35 Julai 2026. Kila ngazi ikikaribia, mtu mwenye meli anajaza bandari. Wenye viwanda vya ndani wakalia, na kilio chao kilikuwa na haki.

#6 Kofia Ngumu

Mimi nimefanya kazi kwenye ujenzi wa viwanda, kwa hiyo naona upande mwingine. Mnahesabu mitambo, hamuhesabu watu.

Hiyo Camaçari mnayoitaja, Desemba 2024 wakaguzi wa kazi wa Brazil waliwatoa Wachina 163 waliokuwa wanajenga, wakasema wanaishi katika hali inayofanana na utumwa. Pasi zimeshikiliwa, vitanda havina magodoro. Walikuwa wa mkandarasi, Jinjiang, ambaye alikanusha. BYD wakavunja naye mkataba. Sasa jiulize: Brazil walitaka kiwanda kwa ajili ya ajira za Wabrazil. Mbona wajenzi walikuja na ndege?

Msidhani ni Wachina tu. Tarehe 4 Septemba 2025 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG huko Georgia, wakakamata watu 475, zaidi ya 300 wakiwa raia wa Korea Kusini. Korea Kusini! Rafiki wa damu. Wiki moja baadaye wakarudishwa kwao kwa ndege ya kukodi. Hawa walikuwa mafundi wa kufunga na kuwasha mitambo. Kila aliyewahi kufunga mtambo mpya anajua: miezi ile ya mwanzo lazima awepo mtu aliyeuona ukizaliwa. Ukimwondoa, una banda lenye vyuma. Serikali inamwita mwekezaji kwa mkono wa kulia na kumfunga pingu fundi wake kwa mkono wa kushoto.

#7 Mti Mkavu

Fahali wawili wapiganapo…

#8 Gurudumu la Tano (mleta uzi)

#7 hiyo methali naiombea likizo, mkuu. Kwenye ugomvi huu kuna nyasi zilizonenepa. Hungaria wana BYD Szeged na CATL Debrecen, kiwanda cha betri cha zaidi ya euro bilioni 7. Moroko wana mkataba wa biashara huria na Marekani na mwingine na Ulaya, na Gotion wa China anajenga kiwanda cha betri Kenitra. Kukaa katikati ni kazi inayolipa ukijua kuifanya.

#6 mchango wako ni bora kuliko bandiko langu. Sina la kuongeza.

Niendelee sasa na upande wa pili, Tesla. Watu wanamsahau kwenye hadithi hii kwa sababu tumezoea kuona Mchina ndiye anayetoka. Julai 2018, katika ile vita ya ushuru ya kwanza, China ilipandisha ushuru wa magari ya Marekani hadi asilimia 40. Mwezi uleule Tesla akasaini kujenga Shanghai. Januari 2019 wakaanza kuchimba msingi, Desemba magari yakatoka. Na alipewa kitu ambacho kampuni ya gari ya kigeni haikuwahi kupewa: kumiliki kiwanda peke yake bila mbia wa Kichina. Volkswagen, Toyota, General Motors wote walikuwa wamelazimika kushirikiana.

China haikutoa zawadi. Ilitaka wauzaji wa vipuri wa Kichina wajifunze kumhudumia mteja mkali. Walijifunza. Mwaka 2025 BYD iliuza magari ya betri tupu takriban milioni 2.26, Tesla milioni 1.64.

Na hata hivyo alibaki mgeni. Machi 2021 ilijulikana kwamba magari ya Tesla yamezuiwa kuingia maeneo ya jeshi la China kwa sababu ya kamera zake. Ikabidi data za wateja wa China zihifadhiwe hukohuko China. Ukisoma sababu zilizotolewa Beijing mwaka ule, halafu usome ile kanuni ya Washington ya Januari 2025 aliyoitaja #3, ni kama mtu mmoja kaziandika zote mbili. Gari lenye kamera nane na mtandao ni macho ya mtu mwingine yanayopita barabarani kwako.

#9 Hesabu Haidanganyi

Ongeza kwamba Aprili 2025, ushuru wa China kwa bidhaa za Marekani ulipofika asilimia 125, Tesla aliacha kupokea oda mpya za Model S na Model X kule China. Hizo zilikuwa zinatoka Fremont. Model 3 na Model Y ziliendelea kama kawaida kwa kuwa zinaundwa Shanghai. Hapo ndipo unaona thamani ya kuwa ndani ya uzio.

#10 Shangazi Betri

Na Ulaya je? Tesla ana kiwanda Grünheide, karibu na Berlin, tangu Machi 2022. Yuko ndani ya uzio, hana ushuru kwa magari ya pale. Lakini mwaka 2025 mauzo yake Ulaya yalishuka zaidi ya robo, na kila mtu anajua mwenye kampuni, Elon Musk, alikuwa wapi miezi ile: Washington, serikalini kwa Trump, huku akipigia debe AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia huko Ujerumani. Mnunuzi naye ni mpaka. Hakuna idhini ya wizara inayokuvusha kwake.

Uswidi pia, mafundi wa chama cha IF Metall wako kwenye mgomo dhidi ya Tesla tangu Oktoba 2023, kwa sababu kampuni inakataa mkataba wa pamoja wa wafanyakazi. Wapakuaji wa bandarini nao wakagoma kuyapakua magari.

#11 Nahodha wa Nchi Kavu

Shangazi, shikamoo. Siasa zimechangia, sibishi. Ila mwanzoni mwa 2025 Tesla alikuwa anabadilisha Model Y, viwanda vilisimama kwa muda, na wateja wengine walikuwa wanasubiri mpya. Halafu washindani wameongezeka. Tusimpe Musk sifa zote za kushuka kwake.

#12 Shangazi Betri

Marahaba mwanangu. Model Y mpya ilishatoka na mauzo hayakurudi. Endelea na meli zako.

#13 Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, India imekaaje kwenye hili? Soko kubwa vile na sioni mkitaja.

#14 Gurudumu la Tano (mleta uzi)

Swali zuri, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Aprili 2020 India ilitoa kanuni kwamba uwekezaji wowote kutoka nchi inayopakana nayo kwa ardhi lazima upite serikalini kwanza. Miezi miwili baadaye wanajeshi wa India na China wakauana mpakani, bonde la Galwan. Great Wall, mtengenezaji wa magari wa China aliyekuwa amekubaliana kununua kiwanda cha General Motors Talegaon, alisubiri kibali hadi 2022 akakata tamaa, kikachukuliwa na Hyundai. Mwaka 2023 India ikakataa pendekezo la BYD na kampuni ya Kihindi ya Megha la dola bilioni 1. SAIC, mwenye chapa ya MG, akapona kwa kumwingiza mbia wa Kihindi: kundi la JSW likachukua asilimia 35.

Huo ni mlango wa ugenini. Wa nyumbani: Septemba 2024 Bloomberg waliripoti kwamba wizara ya biashara ya China ilikuwa imewaita watengenezaji zaidi ya kumi mwezi Julai, ikawashauri vikali wasiwekeze India. Kwa viwanda vya nchi nyingine, walihimizwa wapeleke magari yakiwa vipande vya kuunganisha, sehemu nyeti zitengenezwe nyumbani.

Rudini sasa mkatazame zile picha za uzinduzi, mawaziri wamekata utepe, gari la kwanza limevishwa bendera. Mwenyeji anadhani amepata kiwanda. Amepata sehemu ya mwisho ya kiwanda.

#15 Kofia Ngumu

Na usisahau sumaku. Aprili 2025 China ilipoweka vibali kwa madini adimu saba na sumaku zake, kujibu ushuru wa Trump, Ford walisimamisha kiwanda cha Explorer pale Chicago kwa wiki nzima mwezi Mei. Explorer ni gari la mafuta, jamani. Sumaku ndogo za viti na waipa.

#16 Mti Mkavu

Kwa hiyo Kanada nao wameishia wapi na asilimia 100 yao?

#17 Hesabu Haidanganyi

Wamelegeza. China walilipiza Machi 2025 kwa ushuru wa asilimia 100 kwenye njegere na mafuta ya kanola, zao la mbegu za mafuta linalolimwa sana Kanada, na 25 kwenye nguruwe na samaki, baadaye wakabana mbegu za kanola zenyewe. Wakulima wa majimbo ya nyika wakapiga kelele. Januari 2026 waziri mkuu Mark Carney akaenda Beijing, wakakubaliana magari ya umeme hadi 49,000 kwa mwaka yaingie kwa ushuru wa asilimia 6.1, na China ipunguze makali kwenye kanola. Trump akatishia kuipiga Kanada ushuru wa asilimia 100. Ushuru wa gari uliondolewa na mkulima.

#18 Mgeni wa Jukwaa

Asanteni sana. Swali la mwisho: mtu wa kawaida anatofautishaje kiwanda cha kweli na hicho cha kufunga nati tu?

#19 Gurudumu la Tano (mleta uzi)

Usiulize magari mangapi kwa mwaka, hiyo ndiyo namba wanayoipenda. Uliza seli za betri zinatoka wapi. Uliza nani anaweza kubadilisha programu ya gari bila kupiga simu makao makuu. Szeged wana bahati kidogo kwa kuwa Debrecen ipo nchi ileile, ingawa seli za CATL si lazima ziende kwa BYD, hao ni wapinzani na BYD hutengeneza zake. Hayo mawili yanatosha.

#20 Kofia Ngumu

Na sumaku.

#21 Gurudumu la Tano (mleta uzi)

Na sumaku. Umenikamata.